Mzee Ombui Nyangate, Aliyekataa Kulala kwa Mwanawe

Umetimia mwaka, Sokoro, tangu asubuhi ile ya Agosti 1974 ulipotutoka ukiwa ndani ya nyumba yako mwenyewe kule Nyamache. Sokoro ni babu kwa Kikisii, na ndivyo tulivyokuita. Nimelieleza neno hilo kwa ajili ya marafiki zako wa upande wa ziwani, ambao nao watasoma.

Familia iliketi ikauliza ni nani atakayeandika kumbukumbu hii. Baba, mwanao Manasseh, alisema yeye ni karani wa barua za ofisi na hajui kumwandikia marehemu. Mama alisema mkwe hamsemeshi babamkwe mbele za watu, hata akiwa kaburini. Shangazi Tryphosa alisema ataloweka karatasi kwa machozi. Basi kalamu ikanifikia mimi, mjukuu wako Bosibori, uliyeniita mke wako tangu sijaota meno, kama mababu wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike. Kwetu mjukuu na babu wana ruhusa ya kutaniana, na ruhusa hiyo nitaitumia leo. Usininunie. Wewe mwenyewe ulinitania miaka yote hiyo, ukiwauliza wageni kama wamewahi kuona mke asiyejua kusonga ugali wa wimbi.

Tunaikumbuka kazi yako. Ulikuwa unatia mipini majembe, na kutoka Nyamache hadi Ogembo kulikuwa na watu waliolima kwa mipini uliyoichonga wewe. Mwanamke akija na jembe lake ulimtazama kimo, ukamwuliza shamba lake liko mlimani au bondeni, ndipo ukachagua mti. Wenye kulipa walilipa. Mjane alipokuja uliukunjia mti uso, ukamwambia huo ulikuwa na kasoro na ulikuwa unakwenda kuni, basi auchukue tu akusaidie kusafisha uwanja. Mti haukuwa na kasoro yoyote. Sisi wajukuu tulijua, na wajane nao nadhani walijua, lakini kila mtu alikwenda zake akiwa na heshima yake.

Tunazikumbuka pia tabia zako. Ulipuliza chai hata ikiwa imepoa. Hukupenda mtu akae mlangoni mwako bila kusema aliyemtuma. Ukicheka ulifunika mdomo kwa mkono, kwa sababu ya lile pengo, na pengo lenyewe ulilijivunia kwa kuwa ulilipata ujanani kwa mieleka.

Na saa zako, Sokoro, hazikuwa saa zetu. Hukujua ulizaliwa lini. Ulichojua ni kwamba wakati Waingereza walipopigana na Wajerumani palepale Kisii mjini ulikuwa mvulana wa kukimbia na mbuzi, na kwamba njaa iliyofuata vita ilikukuta umeshatahiriwa. Kitambulisho chako kilitaja mwaka ambao karani fulani alikukadiria kwa kukutazama usoni. Wewe ulisema karani huyo alikuwa mtu mkarimu, alikupunguzia.

Nilipokuwa mdogo nilipata taabu na neno lako moja, juzi. "Juzi Makori alipita hapa na ng'ombe wake mwekundu," ungesema, nami nikakimbia nje kumtafuta ng'ombe. Kumbe Makori alikufa kabla baba yangu hajaoa. Kwako waliotangulia hawakwenda mbali. Walikuwa wamevuka mto tu, wako upande wa pili wanachuma mboga. Lakini chai ya asubuhi hukuikumbuka, ukatuuliza kama leo tumekusudia kukuua kwa njaa.

Ulisema kwamba asubuhi ya mzee ni ndefu kuliko mwaka wake. Sikukuelewa, maana nilikuwa na miaka ishirini na kwangu mwaka ulikuwa kitu kikubwa. Nilianza kukuelewa ulipokuja kukaa nasi mjini. Ungeketi nje umejifunika blanketi, ukaniita.

"Bosibori, sasa ni saa ngapi?"

"Saa tatu, Sokoro."

"Ya leo?"

"Ya leo."

"Bado ni leo!" Ukatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa gari limechelewa tena. Kisha siku hiyohiyo ukaniuliza mwaka, nikakutajia, ukashtuka kwamba ule mwingine umeisha kabla hujauzoea. Mara mbili ulivaa koti siku ya Ijumaa ukasema twende kanisani. Mara ya pili sikukubishia. Nilikushika mkono tukaenda hadi mlango wa kanisa, tukaukuta umefungwa, ukasema Mungu naye amechelewa, tukarudi polepole tukila ndizi.

Sasa niwaeleze wasomaji jinsi ulivyofika mjini, kwa sababu hapo ndipo palipo na shida yote na wema wote.

Nyanya alitutoka mwaka 1967. Ulibaki peke yako Nyamache, na kwa miaka kadhaa ulijiweza. Mwaka 1972 miguu ikaanza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alisema moyo umechoka na akataka akuone kila mwezi. Wakati wa mvua barabara ya Nyamache ilikuwa matope matupu, na Shangazi Tryphosa alikuwa ameolewa mbali, Nyamira. Baba akaamua uje Kisii mjini, tunapoishi karibu na hospitali.

Lakini utalala wapi? Kwetu sisi kuna chinsoni, yaani ile heshima yenye aibu ndani yake, inayokaa kati ya mzazi na mwana. Baba mzazi haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse kulala humo. Hamwoni mkwe wake akiwa jikoni, na mwana hakiingii chumba cha baba yake. Hawazungumzi mambo ya kitandani, wala ya kuugua, wala ya kufa. Kijijini hilo si tatizo, kila mtu ana nyumba yake. Mjini tulikuwa na vyumba viwili vya kukodi, na ukuta wa mbao katikati. Uliposhuka garini ulisimama uani na mkongojo wako, ukatazama mlango wetu, ukasema utalala hapo nje na hakuna ubaya, hata ng'ombe hulala nje. Mama alilia. Baba alizunguka ploti nzima akitafuta chumba, vyote vilikuwa na watu.

Ndipo jirani yetu Opondo akatoka na futi ya kupimia ikiwa shingoni. Opondo ni fundi wa kushona nguo, mtu wa ziwani, na mkewe Margret ni mwalimu. Nyumba yao ilishikana na yetu, na chumba chao kimoja walikiwekea vitambaa.

"Manasseh," alisema, "hiyo maneno mimi naijua. Hata kwetu mzee hawezi lala kwa kijana yake. Lakini mimi si kijana yake. Mimi ni jirani. Si alale kwangu?"

Ulimtazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Wewe si mtoto yangu?"

"Hapana, Mzee."

"Kabisa?"

"Kabisa kabisa."

"Basi wewe ni mtu mzuri sana," ukasema, ukaingia.

Ulikaa kwa Opondo karibu miaka miwili. Margret alikuita Baba tangu asubuhi ya kwanza, akakuletea maji moto ya kuoshea miguu, nawe ukayapokea na ukalala usingizi wako vizuri. Ulipochoka kukaa bure, Opondo alikupa mikasi umnolee. Uliinoa vizuri hivi kwamba wanawake washonaji wa mtaa mzima wakaanza kukuletea yao, na wewe ukaanza kulalamika kwamba mji huu hauna jembe hata moja. Nilijua umefurahi. Opondo alitaka kukushonea koti jipya, akakuletea kitambaa kizito cha kutoka dukani kwa ndugu yake Ouko, kule Masimba.

"Hii itakaa miaka kumi, Mzee."

"Rudisha," ukamwambia. "Tafuta ile ya miaka mbili. Unataka nife niachie watu koti mpya wapigane?"

Opondo hakujua kama acheke. Wewe ulicheka, mkono mdomoni, na yeye akafuata. Alikushonea kwa kitambaa kilekile kizito. Ulilivaa ukilisifu na kulilalamikia.

Katika miaka hiyo miwili mimi ndiye niliyekuwa posta kati yako na Baba. Wewe ulikuwa upande huu wa ukuta, yeye upande ule, na kila neno mlilisikia wote wawili, lakini mambo ya ugonjwa hamkuweza kusemezana. Baba angesimama nje ya dirisha la Opondo akaniambia kwa sauti, "Mwulize babu yako miguu ikoje leo." Wewe ungejibu kwa sauti hiyohiyo, "Mwambie baba yako miguu ni ileile aliyoiacha jana." Nami nikasimama katikati nikirudia maneno ambayo yamekwisha kusikika. Watu wa ile ploti walitucheka sana.

Halafu yakaja maneno ambayo hayakuwa ya kuchekwa. Mwanzoni mwa 1974 uliniambia, "Mwambie baba yako nataka kwenda nyumbani."

Baba akajibu kwamba ungoje mvua iishe. Mvua ikaisha. Akajibu kwamba daktari anataka kukuona mwezi ujao. Mwezi ukaja. Akajibu kwamba Disemba akipata likizo mtakwenda wote.

"Baba yako anahesabu miezi kama mtu aliye nayo mingi," ukaniambia, na hilo hukulisema kwa sauti ya kuvuka ukuta.

Nilikuuliza kama unaogopa kufa. Mjukuu anaweza kuuliza. Uliendelea kunoa mkasi. Ukasema kufa hukuogopi, umeona watu wengi wakiifanya kazi hiyo, hata wale waliokuwa wavivu wa kila kazi. Unachoogopa ni kufia kwa watu. "Nikifia hapa, Opondo atakifanya nini hiki chumba? Atakihama? Mwalimu ataingia kutafuta kitambaa akumbuke maiti? Watu hawa wamenitendea mema. Nyumba yangu imezoea. Nyanya yako alifia mle na paa halikuanguka." Kisha ukasema unataka kuamka usikie jogoo unayemjua. Hicho ndicho kitu pekee ulichotutaka, Sokoro, na sisi hatukukupa.

Nataka watu wajue kwamba Baba hakuwa mgumu wa moyo. Jioni moja nilimfuata nyuma ya nyumba nikamwambia, Baba, mzee anaumia. Akaniambia, "Hapa kuna daktari. Nyamache kuna nini? Nikimpeleka, nimempeleka kufa. Watu watasema Manasseh alichoka na mzee wake akamtupa. Hata wasiposema wao, nitasema mimi kila nikilala." Alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya nyanya. Tangu hapo sikujua nimsimamie nani kati yenu.

Mwezi wa Aprili Margret akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya kumtoa nje, Opondo alisimama mlangoni akatangaza kwa furaha kwamba mtoto ataitwa Ombui.

Waliokuwa wakifua waliacha kufua. Kwetu jina la mtu huchukuliwa akiwa amekwisha kulala. Kumpa mtoto jina la mzee aliye hai tena mgonjwa ni kama kumwambia fungasha. Opondo na Margret hawakulijua hilo. Kwao walikuwa wanakuheshimu tu, wamekupa kitu kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo. Mama alikasirika hasa. "Wamemchimbia kaburi na bado anakula!" alisema, na hakumsalimu Margret tena wiki hiyo. Margret alipoelezwa kosa lake alikaa na mtoto kitandani akilia, akasema hakujua, jamani, hakujua.

Wewe uliagiza uletewe mtoto. Nilikuwapo. Ulimpakata ukamtazama masikio, ukamtazama vidole. Opondo alisimama mbele yako kama mtu aliyeitwa na chifu.

"Mzee, tunabadilisha. Leo leo tunabadilisha jina."

"Jina si koti, Opondo. Huwezi punguza mikono." Ukamgeukia mtoto. "Hii jina nimebeba peke yangu siku mingi. Sasa tuko wawili. Kijana, shika huko, mimi nashika huku."

Margret akatoka na kilio kingine, cha aina tofauti. Nikaenda kumwambia Mama kwamba hukukasirika. Nilidhani yameisha.

Asubuhi yake uliniita. Ulikuwa umevaa koti, umekaa kitandani, blanketi umelikunja. "Mwambie baba yako nimefukuzwa," ukasema.

"Nani amekufukuza, Sokoro?"

"Ombui."

Ukanieleza taratibu, kwa sauti ya baraza la wazee. Yule mtoto sasa ni mjukuu wako, maana ana jina lako. Mwenye mjukuu lazima awe na mwana katikati. Mwana huyo ni nani? Ni Opondo. Na nyumba hii ni ya nani? Ni ya Opondo. "Basi mimi nimelala kwa mwanangu usiku kucha, na mkwe wangu yuko hapo anamnyonyesha mtoto. Ni chinsoni, Bosibori. Siwezi kulala hapa tena hata siku moja. Na kwa baba yako siwezi. Nimebaki na nyumba moja tu."

Nilitoka nikamkuta Baba amesimama uani. Alikuwa amesikia yote, lakini nilimrudia neno kwa neno kama ilivyo kazi yangu. Nilimwona kama mtu anayetaka kubishana.

"Amesema ni chinsoni?"

"Amesema ni chinsoni."

"Basi," akasema. "Chinsoni haibishaniwi. Mwambie babu yako tutakwenda."

Opondo alijaribu kuzuia, akasema atahamia duka lake la kushonea alale juu ya meza, mzee abaki na chumba. Baba alimshika bega akamwambia aache. Wakatuma watu Nyamache wakafagie nyumba na kuziba paa, na Ouko akaja na pikapu yake kutoka Masimba. Ulikaa mbele na dereva, blanketi magotini, ukimwonyesha milima kwa majina na kumwambia ni nani aliyelima wapi juzi.

Uliishi miezi minne, Sokoro. Daktari angekupa zaidi au asingekupa, hatujui. Mimi nilikuja kukaa nawe, Shangazi Tryphosa naye akaja kutoka Nyamira, na mzee Machogu, mliyetahiriwa naye mwaka mmoja, alikuja kila siku kukaa nawe kizingitini. Mlikaa bila kusema neno hata saa nzima, kisha mmoja wenu akacheka na mwingine akajua kwa nini. Watu walileta majembe. Mikono haikuweza tena kuchonga, ukawafundisha wao wenyewe kuchonga, ukawatukana kidogo. Hukuniuliza tena ni saa ngapi. Jogoo akiwika, jua likifika kwenye migomba, ng'ombe wakirudi, ulijua.

Jumapili nyingine Opondo na Margret walikuletea Ombui mdogo. Sasa ulimwita Opondo mwanangu bila kuogopa, na giza lilipoingia ulimtuma akalale kwa Machogu, kwa sababu mwana mtu mzima halali nyumbani mwa baba yake. Opondo alicheka akasema hii familia mpya ina sheria mingi kuliko kanjo ya mji.

Baba alikuja kila Jumamosi baada ya kazi. Siku ile ya mwisho alikuwa amelala katika nyumba yake ya hapo Nyamache, akaamka mapema. Kulikuwa na baridi ya Agosti ile inayoshuka na ukungu. Shangazi alikuwa akichemsha chai, mimi nimekushika mgongo ili upate pumzi. Baba alifika akasimama mlangoni. Zaidi ya hapo hakuweza kuingia, chumba ulicholala hakikuwa cha yeye kukanyaga. Alisimama ameshika miimo miwili ya mlango, hajui aondoke au abaki. Ulimwona.

"Mwambie baba yako asiondoke hapo," ukaniambia. "Ananizibia upepo."

Sikuhitaji kumwambia. Alibaki pale amepanua mabega, akiuziba mlango wote, hadi mkono wako ulipokuwa mzito mkononi mwangu. Hata baada ya hapo hakuondoka, mpaka Shangazi alipokwenda kumshika.

Tulikulaza upande wa kulia wa nyumba yako. Nyanya yuko kushoto, kama mnavyotakiwa.

Waombolezaji walipokwisha kuondoka, nilikaa na Machogu nikamsimulia jinsi ulivyofukuzwa na mtoto. Nilitaka kumchekesha. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza nirudie ile sheria. Nikairudia. Akacheka mpaka ugoro ukamwagika gotini.

"Chinsoni ya jina la mtoto wa jirani? Hiyo Ombui aliitoa wapi? Mimi ni mzee kama yeye na sijawahi kuisikia."

Nikahesabu mambo. Margret alikuita Baba karibu miaka miwili, ukaosha miguu kwa maji yake na ukalala. Chinsoni ilikuwa wapi siku hizo? Nikaona mti usio na kasoro, na mzee anaukunjia uso.

Jambo hilo nililiweka moyoni mwaka mzima. Niliogopa kumwambia Baba. Nilidhani ataona alidanganywa, kwamba kama angejua angekuweka karibu na daktari na leo ungekuwapo. Juma hili, kalamu ilipokuja kwangu, niliona siwezi kuandika juu yako nikiwa nimelificha. Nikamwambia. Alikuwa anapiga viatu rangi, na hakuacha kupiga.

"Nilijua," akasema.

Nikamwuliza alijua lini. Akasema pale pale uani, kabla sijamaliza kumrudia. "Mimi nimelelewa na chinsoni hiyo tangu utoto, Bosibori. Najua inapoanzia na inapoishia. Ile ilitungwa asubuhi ile."

"Sasa mbona ulikubali?"

Hapo akaacha kiatu. Akasema, "Yeye angeweza kuniambia nipeleke nikafe. Angeniambia hivyo ningempeleka, na ningebeba neno hilo mpaka kaburini kwangu. Akanitafutia sheria ili isiwe mimi. Mgonjwa amelala kwa watu, pumzi haimtoshi, na anachofikiria ni jinsi mimi nitakavyolala yeye akishaondoka. Ningemwambiaje kwamba nimeona? Ningekuwa nimemnyang'anya. Kwa hiyo nikasema chinsoni haibishaniwi."

Alichukua kiatu cha pili. Baadaye kidogo akaniambia, bila kunitazama, "Liandike. Mwambie babu yako nilijua."

Basi, Sokoro, nakufikishia kama nilivyotumwa. Mwanao anasema alijua.

Unakumbukwa na mwanao Manasseh na mkewe wa heshima, mkwe wako Bathsheba. Binti yako Tryphosa wa Nyamira pamoja na mumewe na watoto wao. Mwanao Opondo na Margret. Wajukuu zako wote, na miongoni mwao Ombui mdogo, ambaye ameanza kutembea. Rafiki yako Machogu. Majirani wa Nyamache. Na mimi, Bosibori wako.

Siku zote tutakukumbuka.